Namna ya kuambisha vitenzi vya Kihispania vinavyoishia -ar, wakati uliopo

Chukua neno "tunaimba". Ni neno moja tu, lakini limebeba sentensi nzima: tu- inataja watu, -na- inataja wakati, -imba inataja tendo. Hakuna anayelazimika kusema "sisi tunaimba" ili aeleweke. Mhispania naye anasema "cantamos", neno moja, na hapo kila kitu kimo. Tofauti ni kwamba sisi tunamtaja mtu mwanzoni mwa kitenzi, na yeye anamtaja mwishoni.

Ninaanza na hilo kwa sababu nimeona wanafunzi wengi wanaozungumza Kiswahili vizuri wakijifunza Kihispania kwa kupitia Kiingereza, na hapo ndipo wanapoongezewa mzigo usio wao. Kitenzi cha Kiingereza hakibebi mtu kwa namna hii, kwa hiyo vitabu vilivyoandikwa kwa wasemaji wake vinatumia kurasa nyingi kuwazoesha wazo ambalo wewe umezaliwa nalo. Unachohitaji wewe ni miisho sita na uangalifu katika mambo machache ya matamshi. Kwa hiyo weka Kiingereza kando, tufanye kazi moja kwa moja.

Neno moja kuhusu istilahi. Wengine huiita kazi hii "mnyambuliko", lakini mnyambuliko tunaoujua (piga, pigwa, pigia, pigana) hubadilisha maana ya kitenzi. Hapa maana haibadiliki. Tunapachika nafsi tu, kwa hiyo nitasema kuambisha.

Hatua ya kwanza: kitambue kitenzi

Ukifungua kamusi ya Kihispania utakuta "hablar", "cantar", "trabajar". Hii ni sawa na kuzungumza, kuimba, kufanya kazi. Hiyo -ar ya mwisho inafanya kazi ya ku- yetu: inaonyesha kwamba tendo limetajwa, lakini mtendaji bado.

Vitenzi vya Kihispania viko katika kundi la -ar, la -er na la -ir. Kundi la -ar ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo linalopokea wageni: vitenzi vipya kama "escanear" (kuskani) na "chatear" (kuchati) vimeingia humo. Ukilimudu kundi hili, umefungua mlango wa maelfu ya vitenzi.

Hivi vinatosha kuanzia: hablar (kuzungumza), trabajar (kufanya kazi), comprar (kununua), buscar (kutafuta), esperar (kusubiri, na pia kutumaini), cocinar (kupika), descansar (kupumzika), llegar (kufika), necesitar (kuhitaji), escuchar (kusikiliza), ayudar (kusaidia), estudiar (kusoma). Kwenye hicho cha mwisho kuwa makini. Sisi tunasema "nasoma gazeti" na "nasoma udaktari" kwa kitenzi kilekile, lakini "estudiar" ni kusoma kwa maana ya kujifunza. Kusoma maandishi ni "leer", ambacho ni cha kundi jingine.

Hatua ya pili: kata -ar

Ondoa herufi mbili za mwisho, na zisizidi hizo mbili. Hablar inabaki habl-, trabajar inabaki trabaj-, comprar inabaki compr-. Huo uliobaki ndio mzizi, na hautaguswa tena.

Kosa la hatua hii ni kukata kupita kiasi. Estudiar inabaki estudi-, na ile i ni mali ya mzizi. Ukiitupa utaandika "estudo", neno ambalo halipo.

Hatua ya tatu: jiulize ni nani

Nafsi zenyewe unazijua. Mimi ni "yo", wewe ni "tú". Yeye imegawanyika: "él" kwa mwanamume, "ella" kwa mwanamke. Sisi ni "nosotros", au "nosotras" ikiwa wote ni wanawake. Wao ni "ellos" au "ellas" kwa utaratibu huohuo. Jinsia inaishia kwenye viwakilishi hivi, haiingii kwenye kitenzi. Awe mwanamume au mwanamke, kitenzi ni kimoja, kama ilivyo a- yetu katika "anaimba".

Palipo na jambo la kutafakari ni namna ya kumwambia mtu "wewe" kwa heshima. Neno lake ni "usted", na kitenzi chake kinaambishwa kama cha yeye. Mwanafunzi huuliza: mbona namsemesha mtu aliye mbele yangu kana kwamba hayupo? Sababu ni historia ya neno. "Usted" limetokana na "vuestra merced", namna ya zamani ya kumtaja mtu kwa hadhi yake. Ni kama unapomwambia mkubwa wako ana kwa ana, "Mheshimiwa anasemaje?" Uko mbele yake, lakini unasema a-, husemi u-. Ukilishika hilo, usted haitakusumbua tena. Wingi wake ni "ustedes", na kitenzi chake ni kama cha wao.

Kwa "ninyi", mambo hutegemea uko wapi. Hispania husema "vosotros" (au "vosotras") kwa marafiki na watu wa rika moja, na "ustedes" kwa heshima. Nchi za Amerika ya Kilatini hazitumii vosotros katika mazungumzo ya kawaida, na huko ustedes ni ninyi ya kila mtu. Nako Argentina na Uruguay utasikia "vos" badala ya tú, pamoja na mwisho wake: "vos hablás". Ushauri wangu ni kujifunza miisho yote sita hata kama unalenga Meksiko, kwa sababu filamu na vitabu kutoka Hispania vitakufikia tu.

Hatua ya nne: bandika mwisho

yo: hablo (ninazungumza)
tú: hablas (unazungumza)
él, ella, usted: habla (anazungumza)
nosotros, nosotras: hablamos (tunazungumza)
vosotros, vosotras: habláis (mnazungumza)
ellos, ellas, ustedes: hablan (wanazungumza)

Kabla ya kukariri, itazame orodha hiyo kutoka juu hadi chini. Ukiacha hablo, irabu a imekaa palepale katika nyingine zote tano, kama alama ya ukoo wa -ar. Kinachobadilika ni kinachoifuata: s kwa wewe, kutupu kwa yeye, mos kwa sisi, is kwa ninyi, n kwa wao. Ukiielewa hivyo, mzigo wa kukariri unapungua: mimi ni o, na wengine wote ni a pamoja na alama yao.

Kuna faida nyingine. Alama hizohizo s, mos, is na n zitarudi kwenye kundi la -er na la -ir, na hata kwenye nyakati nyingine nyingi. Kwa hiyo unazijifunza mara moja, unazitumia miaka yote.

Sasa fanya mwenyewe kwa trabajar. Kata: trabaj-. Bandika: trabajo, trabajas, trabaja, trabajamos, trabajáis, trabajan. Usisahau ile alama juu ya á katika nafsi ya ninyi. Kisha buscar: busco, buscas, busca, buscamos, buscáis, buscan. Halafu llegar: llego, llegas, llega, llegamos, llegáis, llegan. Vitenzi vya -car, -gar na -zar hubadili tahajia katika baadhi ya nyakati nyingine, lakini katika wakati huu havina vituko.

Hatua ya tano: litamke kwa sauti

Hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu mtu anaweza kuandika miisho yote sita bila kosa na bado asieleweke akifungua mdomo.

Kanuni ya mkazo ya Kihispania ni hii: neno lisilo na alama, likiishia kwa irabu, au n, au s, hubeba mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Soma tena. Ndiyo kanuni yetu ya Kiswahili. Ndiyo maana HA-blo, HA-blas, HA-bla, ha-BLA-mos na HA-blan zinakaa vizuri mdomoni bila kufundishwa. Habláis ndiyo inayotoka kwenye mstari, na ile alama imewekwa kukuambia: mkazo uko mwisho, ha-BLAIS. Hablar yenyewe inaishia kwa r, kwa hiyo nayo mkazo wake ni mwisho: ha-BLAR. (Nimeziandika hivyo kuonyesha mkazo. Ile h haisikiki kamwe. Sema "ablo".)

Mkazo huu si pambo. "Hablo" ni ninazungumza. "Habló", mkazo ukihamia mwisho, ni alizungumza. Ukikosea hapo umebadilisha mtu na wakati kwa pamoja.

Mtego wa kwanza kwa ulimi wa Kiswahili ni irabu mbili zinazofuatana. Kwetu kila irabu ni silabi yake. Sikio ni si-ki-o, na mkazo unaangukia ki. Mwanafunzi akikutana na "estudio" anafanya vivyo hivyo: es-tu-DI-o. Lakini katika Kihispania hiyo i isiyo na alama inaungana na o kuwa silabi moja, kwa hiyo neno lina silabi tatu, na mkazo uko katikati: es-TU-dio. Limpio (ninasafisha) ni LIM-pio, cambio (ninabadilisha) ni CAM-bio. Irabu hizo zinapotengana, Kihispania chenyewe hukuonyesha kwa alama: enviar (kutuma) hutoa envío, envías, envía, na hapo ndipo useme en-BI-o kama Mswahili.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Silabi za Kiswahili hupenda kuishia kwa irabu, na ulimi wetu hutafuta irabu hata pale ambapo haipo. Hablas inakuwa "hablasi", hablan inakuwa "hablani". Wengine, kwa kukwepa hilo, huimeza konsonanti yenyewe. Lakini kumbuka mtu amekaa wapi: s ndiye wewe, n ndio wao. Ukiimeza n, "hablan" inakuwa "habla", na waliokuwa wengi wamebaki mmoja. Zoezi ninalolipenda ni kusema neno polepole na kubaki kwenye konsonanti ya mwisho: habla-nnn, habla-sss, kisha kuifupisha kidogo kidogo. Utasikia baadhi ya wenyeji, kwa mfano wa Kuba au wa kusini mwa Hispania, wakiilegeza s hadi ikaribie kupotea. Wao wanajua wanachokiacha. Wewe bado itamke.

Sauti nyingine kwa haraka: j hutamkwa kama kh ya kheri, kwa hiyo trabajo ni "trabakho". Ll kwa wengi ni y, llego ni "yego". V husomwa kama b. Ñ ni ny.

Hatua ya sita: acha kiwakilishi nyumbani

Mwisho wa kitenzi ukishamtaja mtu, "yo" na "tú" hazina kazi. "Hablo español" inatosha, kama "nazungumza Kihispania" inavyotosha. Mtu anayesema "yo trabajo, yo descanso, yo cocino" anasikika sawasawa na anayesema "mimi ninafanya kazi, mimi ninapumzika, mimi ninapika". Hakuna kosa la sarufi, lakini msikilizaji anajiuliza mbona anajitaja hivyo.

Kiwakilishi hurudi kwa sababu zilezile kinachorudia kwetu. Kwanza ni kulinganisha: "Yo cocino y tú descansas", mimi ninapika na wewe unapumzika. Pili ni kuondoa utata, na hapa Kihispania kina haja kubwa kuliko sisi, maana "habla" moja ni ya él, ella na usted. Pasipojulikana anayetajwa, mtaje.

Hatua ya saba: kanusha na uliza

Baada ya tabu zote za sisemi, husemi na hasemi, hapa kuna raha. Weka "no" mbele ya kitenzi, basi: hablo, no hablo. Hakuna kinachobadilika mbele wala nyuma. Ukijibu swali utasema "no" mara mbili, "No, no trabajo", ya kwanza ikijibu swali na ya pili ikikanusha kitenzi.

Kuuliza ni kama kwetu: sentensi haipinduliwi kwa lazima, sauti ndiyo inayouliza. "Hablas español" ikipandishwa sauti ni swali. Katika maandishi weka alama mbili, iliyopinduliwa mwanzoni na ya kawaida mwishoni: ¿Hablas español? Alama hiyo ya mwanzo ilipendekezwa na Chuo cha Kifalme cha Kihispania mwaka 1754, na naiona ina busara: msomaji anajua tangu neno la kwanza kwamba anasoma swali.

Hatua ya nane: litumie panapostahili

Neno "trabajo" ni pana. Ni "ninafanya kazi" ya sasa hivi, ni "hufanya kazi" ya kila siku, na likiwa na neno la wakati linaweza kuwa la kesho: "Mañana trabajo", kesho nafanya kazi, kama tunavyosema wenyewe. Na hapa Kiswahili chako kinakusaidia tena. "Nafanya kazi hapa tangu 2019" ni "Trabajo aquí desde 2019", wakati uliopo kwa wakati uliopo. Wanaopitia Kiingereza hutafuta wakati mwingine wa kuweka hapo, na hukosea.

Vitenzi viwili vikifuatana, cha kwanza kinaambishwa na cha pili kinabaki na -ar yake. Nahitaji kupumzika: "necesito descansar". Kosa la kuambisha vyote viwili, kama "necesito compro", hutokea sana. Jikumbushe kwamba kwetu pia kitenzi cha pili hubaki na ku-, na ku- ndiyo -ar.

Kuna ufanano mmoja ambao vitabu vingi havikuambii. Kwetu unaweza kusema "natafuta kitabu", lakini kwa mtu lazima useme "namtafuta Maria". "Natafuta Maria" inachoma sikio. Kihispania nacho hutofautisha: "busco el libro", lakini "busco a María". Ile "a" inasimama mbele ya mtendwa aliye mtu mahususi, na huwekwa karibu kila pale ambapo sisi tungeweka -m- ya mtu huyo. Na vitenzi kama buscar, esperar na escuchar havihitaji kitu kingine cha kuviunganisha na mtendwa wake. Kusikiliza muziki ni "escuchar música", maneno mawili kwa maneno mawili.

Tahadhari: si kila -ar ni mtiifu

Estar (kuwa mahali au katika hali fulani) na dar (kutoa, kupa) zina mimi ya peke yake: estoy, doy. Estar ina pia alama katika estás, está, están.

Vingine hubadilisha irabu ndani ya mzizi pale mkazo unapoiangukia. Pensar (kufikiri) ni pienso, piensas, piensa, piensan, lakini pensamos, pensáis. Contar (kuhesabu, kusimulia) ni cuento, lakini contamos. Jugar (kucheza mchezo) ni juego, lakini jugamos. Tazama kwamba miisho ni ileile. Mzizi ndio uliotikisika. Viandike kwenye ukurasa wao, usivichanganye na hivi vya leo.

Jambo la mwisho la kuangalia ni "hablamos": tunazungumza na tulizungumza hufanana kabisa. Neno la wakati ndilo linaloamua, "ahora" (sasa) au "ayer" (jana).

Jaribu

Andika kwa Kihispania bila kurudi juu:

1. Tunamsubiri Ana.
2. Sihitaji kununua kitabu.
3. Mnasoma Kihispania?
4. Wanafanya kazi hapa tangu 2020.
5. Yeye (mwanamke) hupika, na mimi ninasikiliza muziki.

Majibu: 1. Esperamos a Ana. 2. No necesito comprar un libro. 3. ¿Estudiáis español? kwa Hispania, ¿Estudian español? kwa Amerika ya Kilatini. 4. Trabajan aquí desde 2020. 5. Ella cocina y yo escucho música.

Ukikosa la kwanza kwa kusahau "a", rudi kwenye "namtafuta Maria". Ukikosa la tatu, huenda uliitupa i ya estudi-. Na la nne lisome kwa sauti mbele ya mtu mwingine, umuulize anamsikia mmoja au wengi.